Zana za jikoni kwa safari ndefu za tanga: kipi kinadumu, kipi kinafia njiani

Kutoka Mombasa hadi Mahé, Ushelisheli, ni takriban maili 950 za baharini. Kwa mwendo wa maili tano kwa saa hizo ni siku nane bila duka, bila fundi, bila jirani wa kumwazima sufuria. Unguja hadi Moroni, Komoro, ni karibu maili 400, na Nosy Be, Madagaska, hadi Mahé zinakaribia 700. Safari za namna hii hazidai jiko la fahari. Zinadai zana chache, na mwenye chombo ajue kila moja itaanza kuharibika wapi. Sufuria huanzia kwenye mshikio, presha kuka kwenye mpira, jiko la gesi kwenye regulata, kisu kwenye mpini. Dukani kagua kiungo hicho kwanza, chapa baadaye, halafu ujiulize kama kipuri chake kitapatikana bandari unayokwenda.

Tumelenga mashua ya tanga ya futi 33 hadi 45, watu wanne, safari ya wiki moja hadi tatu. Kwa jahazi la mizigo mengi ni yale yale, ila jiko lake liko wazi sitahani na nafasi haibanani hivyo. Bei hatukuziweka, zinapanda na kushuka kabla wino haujakauka.

Neno moja kuhusu chumvi, kwa sababu ndiyo itakayoamua karibu kila kitu hapa chini. Maji ya bahari yanayomwagika si mabaya kama chumvi inayobaki yakikauka. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, na pwani yetu hali hiyo ni ya karibu kila usiku, chembe ya chumvi iliyokauka hulowa upya na kuanza kula chuma. Ndiyo maana kisu kilichofutwa kikavu jioni hukutwa na madoa alfajiri. Vyombo vinaweza kuoshwa kwa maji ya bahari siku zote za safari, mradi suuza ya mwisho iwe ya maji matamu. Kwa vyombo vya watu wanne lita moja inatosha ukiinyunyiza kwa chupa iliyotobolewa kifuniko badala ya kuimwaga.

Jiko

| Aina | Matumizi kwa siku | Kinachokufa kwanza | Hatari kuu |
|---|---|---|---|
| Gesi | gramu 150–250 | regulata, kihisi cha mwali | gesi kutuama ngamani, chini kabisa ya chombo |
| Mafuta ya taa, la pampu | lita 0.25–0.35, na spiriti ya kuwashia | kitundu cha kichomeo, ngozi ya pampu | mwali wa njano unaoruka likifunguliwa mapema |
| Spiriti, bila presha | lita 0.4–0.5 | karibu hakuna | mwali usioonekana mchana |
| Makaa | kilo 1–1.5 | wavu, udongo wa ndani | kaboni monoksaidi, cheche kwenye tanga |
| Umeme, induksheni | kWh 1.5–2 | saketi za ndani | betri kuisha nguvu katikati ya safari |

Viwango hivyo ni makadirio ya chai mara mbili, mlo mmoja mzito na mmoja mwepesi. Presha kuka ikitumika sana, chukua namba ya chini. Bila hiyo, ya juu.

Gesi imeshinda karibu kila mahali, na sababu ziko wazi: inawaka papo hapo, haiachi masizi, na kuchemsha lita moja ya maji kunakula gramu 13 hivi. Ubaya wake ni mmoja, nao ni mkubwa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, propeni mara moja na nusu, buteni mara mbili. Nyumbani ikivuja hutoka chini ya mlango. Kwenye mashua hakuna pa kutokea: inashuka ngamani na kutulia pale hadi swichi ya pampu itoe cheche. Kwa hiyo mtungi hukaa kwenye kabati lake nje, tezini au juu ya sitaha, kabati lisilo na tundu lolote la kuingia ndani ya chombo. Sakafuni mwake litoke bomba la kumwaga gesi baharini, juu ya mstari wa maji, kipenyo kisipungue milimita 19. Mashua isiyo na nafasi ya kabati kama hilo isibebe gesi, hata kama muuzaji wake aliizoea hivyo.

Wengi huuliza kama jiko la meza la nyumbani, lile la plati mbili, halitoshi. Kwa wiki moja linatosha. Kwa msimu mzima halifiki, na si kwa sababu ya moto wake. Bati la mwili ni jembamba na kutu huanzia pale lilipokunjwa, vifuniko vya vichomeo vinaruka chombo kikienda mrama, na yale ya bei ya chini hayana kihisi cha mwali. Kihisi hiki ni ncha ndogo ya metali inayokaa motoni. Mwali ukizimwa na upepo au supu iliyomwagika, ncha hupoa na vali hujifunga yenyewe. Jiko la baharini huwa nacho kwa kila kichomeo, pamoja na reli, vibano vya kushikilia sufuria, na pini mbili za pembeni zinazoliacha libembee. Ukilikagua dukani usiishie kulisukuma likiwa tupu. Weka birika lenye lita tatu za maji juu yake, lisukume, na uone kama linarudi wima. Likibaki limeinama, pini zimewekwa chini mno, na siku ya bahari chafu litakumwagia maji ya moto miguuni. Kama lina oveni, lazima pia liwe na komeo la kulizuia lisibembee, kwa kuwa mlango wa oveni ukifunguliwa uzito huhamia mbele na jiko lote huinama.

Mitungi: Tanzania utakuta ya kilo 6, 15 na 38, Kenya ya 6 na 13. Ukivuka kwenda Mayotte au Réunion utakuta mitungi ya mtindo wa Kifaransa, na kichwa chake hakikubali regulata yako. Usipange safari kwa kutegemea kubadilishana mtungi. Chukua mitatu ya kilo 6 badala ya mmoja wa kilo 15. Mmoja ukivuja unabaki na miwili, na mmoja ukiisha unajua pasipo kukisia kwamba theluthi imekwenda. Kwa gramu 200 kwa siku, kila mtungi ni siku 30. Chini ya mtungi weka mkeka wa mpira, kwani pete ya kitako ndiyo inayooza kwanza.

Regulata za nyumbani zina springi ya chuma ndani ya aloi laini ya zinki. Chumvi huingia kupitia kitundu cha kupumulia, springi inashika kutu, na presha inaanza kupanda na kushuka. Dalili ni mwali wa njano au unaopiga mruko bila upepo. Badilisha, usifungue kuitengeneza.

Jaribio la uvujaji lifanyike kabla ya kung'oa nanga na kila wiki safarini. Linahitaji geji upande wa mtungi, kabla ya regulata. Funga vichomeo vyote, fungua mtungi, soma geji, kisha funga mtungi na usubiri dakika tatu. Sindano ikishuka hata kidogo, pana mahali panapovuja. Patafute kwa povu la sabuni, na sabuni hiyo isiwe na amonia, kwa sababu amonia hupasua viungo vya shaba ya njano.

Mafuta ya taa yana watetezi wake, na hoja yao ni nzuri: yanabebwa kwenye dumu lolote, hayalipuki ngamani, na hupatikana hata visiwa ambavyo havijawahi kuona mtungi wa kilo 6. Lita 20 zinawapikia watu wanne kwa miezi miwili. Lakini jiko la pampu linataka mkono uliozoea. Mimina spiriti mililita 15 hadi 20 kwenye kikombe cha kichomeo, iwashe, na usubiri iwe inaelekea kuisha. Kichomeo kikishapata moto ndipo unafungua mafuta na kupiga pampu. Ukifungua mapema mafuta hutoka yakiwa maji badala ya mvuke, na unapata mwali wa njano wa nusu mita kuelekea dari. Mafuta yachujwe kwa kitambaa kizito wakati wa kujaza, kwa kuwa maji na uchafu wa pipa ndivyo vinavyoziba kitundu. Ngozi ya pampu ikikauka haisukumi tena; tone la mafuta ya mashine linairudisha. Jiko la utambi, lile la chini la mafuta ya taa, ni habari nyingine: halina presha, tangi lake liko wazi, chombo kikilala upande mafuta humwagika. Liache nyumbani.

Spiriti ni salama na rahisi, ila joto lake ni dogo kuliko la mafuta ya taa kwa kila lita na pwani inauzwa kwa chupa ndogo. Inafaa kama jiko la akiba la kichomeo kimoja. Usijaze lingali moto: mwali wake mchana hauonekani, unaweza kudhani limezima kumbe linawaka.

Makaa yana nafasi sitahani tu. Namna ya kale ya majahazi bado ndiyo bora: sanduku la mbao lenye mchanga wa kina cha sentimita 10, jiko juu ya mchanga, sanduku limefungwa upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, ili cheche ziende baharini badala ya kwenye tanga. Jiko lisishushwe chumbani hata kama mvua inanyesha na makaa yanaonekana yamezima. Kaboni monoksaidi haina harufu.

Induksheni inapendeza kwenye mashua yenye betri za lithiamu. Piga hesabu kabla: kWh 1.7 kwa siku ni karibu Ah 140 (amp-saa) za betri kwa mfumo wa volti 12, na paneli za wati 400 zitazirudisha siku ya jua safi tu. Msimu wa mvua utakuta unapikia gesi. Basi iwe jiko la pili.

Chaguo letu kwa njia hizi: gesi ya vichomeo viwili kwenye jiko la kubembea, na jiko dogo la spiriti au mafuta ya taa ndani ya ndoo yenye kifuniko kama akiba. Anayekusudia kukaa miezi kwenye visiwa vya mbali na bandari kubwa ageuze mpangilio huo.

Sufuria: alumini ya sokoni au stenlesi

Sufuria ya alumini isiyo na mishikio, ile inayouzwa kwa namba, ina sifa mbili ambazo stenlesi haizipati: ni nyepesi na inasambaza joto vizuri, kwa hiyo wali hauungui katikati. Nchi kavu haina mshindani. Baharini ina kasoro tatu zinazofuatana. Haina mshikio wa kubanwa na vibano vya jiko. Kifuniko chake kinakaa tu juu, hakijifungi. Na ikiachwa usiku na maji ya bahari au mchuzi wa ukwaju, asubuhi ina vishimo vyeupe; miezi michache baadaye kishimo kimoja kinakuwa tundu. Ukiibeba, iwe ya unene wa milimita 3 au zaidi, na iwe ya kupikia tu, si ya kuhifadhia.

Stenlesi ndiyo ya kununua, ila si kila inayong'aa. Alama 18/10 maana yake ni asilimia 18 ya kromiamu na 10 ya nikeli. Nenda dukani na sumaku ndogo. Iguse kwenye ubavu wa sufuria; ikinasa kwa nguvu, hiyo ni 18/0, haina nikeli, na itatoa madoa ya kutu mapema. Kitako kunasa sumaku si kosa, kimetengenezwa hivyo kwa ajili ya induksheni. Sumaku kutonasa nako hakumalizi mashaka, maana ziko stenlesi za bei ya chini ambazo nikeli imepunguzwa ikawekwa manganizi. Hizo hazinasi, na bado zinapata kutu. Hapo angalia uzito: sufuria ya lita tano iliyo nyepesi mkononi kama kopo si ya safari. Daraja la 316, lenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3, ni zuri kwa vyuma vya sitahani; kwenye sufuria unalipia zaidi kuliko unachopata.

Kitako kina namna mbili. Kuna diski ya alumini iliyofunikwa na kubandikwa chini, na kuna chuma cha tabaka tatu kinachopanda hadi ukingoni. Diski inatosha, lakini sufuria ikikaukia motoni hubanduka, na kwenye mshono wake maji ya chumvi huingia na kufura. Pitisha ukucha kwenye mshono huo dukani. Ukinasa, achana nayo. Tabaka tatu hudumu zaidi na haiachi doa la kuungulia pembeni mwali ukipeperuka.

Mishikio sasa, mahali ambapo sufuria nyingi hufia. Ya skrubu hulegea kwa mtikisiko wa injini, kisha skrubu inashika kutu na kukatika. Ya kuchomelewa kwa nukta hubanduka ghafla, bila onyo, mara nyingi sufuria ikiwa imejaa. Ya ribiti hushika uchafu chini yake lakini huonyesha kulegea wiki kadhaa kabla. Hiyo ndiyo ya kuchagua, mradi ribiti ziwe za stenlesi. Ribiti ya alumini kwenye mwili wa stenlesi, ikilowa maji ya chumvi, huliwa yenyewe kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana kwenye maji ya chumvi ile dhaifu ndiyo inayolipa. Chagua mishikio miwili mifupi ya pembeni, ya chuma kitupu. Mpini mrefu mmoja unagongwa na kiwiko, na wa plastiki hauingii kwenye vibano.

Kwa watu wanne: moja ya lita tano, moja ya lita tatu, zenye kuta zilizosimama na kina kisichopungua nusu ya upana. Zijazwe nusu bahari ikichafuka. Seti za kuingizana zenye mpini wa kutoa na kuweka zinaokoa nafasi sana, lakini klipu ya mpini huchoka; kama ni hizo, nunua mipini miwili ya ziada.

Na chumvi itiwe maji yakishachemka. Ikitiwa kwenye maji baridi chembe zinakaa kitakoni na kuchimba vishimo hata kwenye stenlesi nzuri. Anayepikia maji ya bahari ili kuokoa matamu ajue yana gramu 35 za chumvi kwa lita: kwa viazi changanya moja kwa tatu za matamu, kwa wali moja kwa tano, kwani wali hunywa maji yote.

Presha kuka

Kama pesa zinatosha chombo kimoja kizuri, kiwe hiki. Ndani yake joto hufika nyuzi 120, maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa dakika 12 hadi 15 baada ya presha kupanda badala ya saa na zaidi, na kifuniko kilichofungwa hakimwagi kitu hata sufuria ikianguka sakafuni. Ndiyo maana baadhi ya wapishi hupikia humo hata chai wakati wa bahari mbaya, kifuniko kimefungwa, bila kupandisha presha.

Ushindani ni kati ya ile ya Kihindi ya alumini yenye king'ora cha uzito juu, na ile ya stenlesi yenye vali ya springi kama za Kuhn Rikon. Ya kwanza ina faida ambayo hakuna kiwanda cha Ulaya kinachoweza kuiuza: mipira na vali zake zinapatikana Mombasa, Dar es Salaam na Unguja, mara nyingi kwa muuza vyombo wa kawaida. Zile za Hawkins kifuniko huingia ndani ya sufuria, kwa hiyo presha yenyewe inakikaza na hakifunguki kabla haijashuka. Udhaifu wake baharini ni uzito wa juu. Mashua ikilala nyuzi 20, nguvu ya uzito kwenye tundu hupungua asilimia 6 tu, jambo dogo. Kinachosumbua ni kishindo: kila wimbi likigonga, uzito unaruka, mvuke unatoka, maji yanapungua kuliko ulivyopanga na chakula kinaungua chini. Ongeza robo lita ya maji na uketi karibu. Vali ya springi haijali chombo kinaegemea wapi, haipigi kelele, na inatumia maji kidogo. Ila mpira wake ukichanika Moroni, utasubiri kifurushi kutoka mbali.

Tunapendelea stenlesi ya springi ya lita tano au sita, na mipira miwili ya akiba iliyonunuliwa siku ile ile. Asiye na uhakika wa kupata mipira hiyo achukue ya Kihindi bila kinyongo, lakini aina ya stenlesi, si ya alumini. Mpira mweusi hukakamaa kwa mwaka au miwili. Wa silikoni huvumilia zaidi ila hunyonya harufu ya samaki. Uupake mafuta kidogo na uuhifadhi nje ya kifuniko, kifuniko kikiwa kimegeuzwa juu chini ili ndani pasiote ukungu. Usijaze zaidi ya theluthi mbili, na kwa maharage, dengu na choroko ishia nusu, maana povu lao huziba tundu la mvuke. Kabla ya kila mpiko inua kifuniko na utazame mwanga kupitia tundu hilo.

Chuma cha chapati

Chapati ni mkate wa chombo kisicho na oveni, na hata mwenye oveni huziona faida zake baada ya wiki. Kikaango cha kusubu, yaani cha chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, kinapika vizuri kuliko vyote lakini ni kizito, kikichomoka jikoni kinavunja kitu, na kutu hukiparamia usiku mmoja. Kile kisichogandisha kinapendeza kwa wiki tatu. Halafu kijiko cha chuma kinakikwaruza, na kikiachwa kitupu juu ya gesi hupita nyuzi 260 kwa dakika chache, joto ambalo utando wake huanza kuharibika na kutoa moshi mbaya. Tawa ya chuma cha kawaida, bapa, ya sentimita 26 na unene wa milimita 2 hadi 3, ndiyo ya kubeba. Ni nusu ya uzito wa ile ya kusubu. Baada ya kupika ifute kwa karatasi, ipake mafuta ya nazi ingali moto, ifunge kwenye mfuko wa kitambaa. Isioshwe kwa maji ya bahari hata mara moja. Kuhusu kukaanga kwa mafuta mengi, hakuna kikaango kinachofaa chombo kikiwa safarini. Sambusa zisubiri nanga.

Visu

Kisu cha stenlesi cha aina ya 1.4116, chuma cha visu vingi vya wachinjaji wa Ulaya, kina kromiamu asilimia 15 hivi. Hakiwi kikali kupindukia, lakini kinanoleka haraka na kinavumilia kusahauliwa usiku kwenye sinki. Kisu cha mhunzi kilichofuliwa kwa springi ya gari kinakata vizuri zaidi na kinashika makali kwa siku nyingi. Kwa kupasua jodari wa kilo kumi ndicho tungekishika. Kasoro yake ni kutu inayoanza ndani ya saa chache. Beba vyote viwili: cha stenlesi sentimita 15 kwa kazi za kila siku, cha mhunzi kwa samaki, kikae kimepakwa mafuta.

Mpini ndio wa kutazama. Wa mbao uliopigiliwa ribiti hunywa maji, hufura, hupasuka, na kutu hujificha kati ya mbao na chuma hadi siku kisu kinapokatikia mkononi. Wa plastiki uliomiminwa moja kwa moja juu ya chuma hauna mwanya. Ala ya ngozi hutunza chumvi. Tumia ya plastiki yenye tundu chini. Ukanda wa sumaku ukutani ni wa nyumbani, kwenye mashua ni namna ya kurusha visu. Visu vya kauri huvunjika vikianguka, hatuvijadili zaidi. Kinoo cha pande mbili kinatosha, tupa haifai.

Chupa ya chai, sahani, mbuzi

Chupa ya chai ya maua yenye kioo ndani hutunza joto vizuri kuliko za stenlesi nyingi, na kioo chake huuzwa peke yake. Lakini itavunjika kwa mrama wa kwanza na vipande vitakuwa ndani ya chai. Nunua ya stenlesi ya lita moja, mdomo mpana. Jaza maji yanayochemka na ushike ubavu baada ya dakika 10. Ukiwa na vuguvugu, ombwe limekwenda. Chupa mbili zikijazwa saa kumi jioni zamu zote za usiku zinapata chai bila mtu kuwasha jiko.

Sahani bapa hazifai. Kila mtu apate bakuli la kina. Melamini haivunjiki kirahisi na haiunguzi mkono, ila haifai kwa kitu kinachochemka na hukwaruzika. Bakuli za bati zilizopakwa enameli hubanduka ukingoni na kutu huanzia hapo. Stenlesi hudumu milele na kuunguza vidole. Ya kuta mbili huondoa tatizo hilo.

Mbuzi ya kukunia nazi inaonekana kubwa kwa mashua, na wengi huibadilisha na kikunio cha mkono cha Kihindi kinachobanwa ukingoni mwa meza. Kwenye bandari tulivu kikunio ni kizuri. Safarini gia na beringi zake hushika kutu mapema, na kibano chake hulegea chombo kikipiga mbisho kupambana na upepo. Mbuzi haina cha kuharibika zaidi ya ulimi wake wa chuma, ambao unafutwa na kupakwa mafuta ya nazi, na aliyeikalia yuko chini, imara, miguu imetanuka. Ile ya kukunja inaingia chini ya kitanda. Kinu kidogo cha mbao kinatosha vitunguu saumu na pilipili. Cha jiwe ni uzito unaotafuta pa kuangukia.

Kopo la vipuri

Vifuatavyo vikae kwenye kopo moja lisiloingiza maji: mipira miwili ya presha kuka na vali moja ya usalama; mpira wa gesi mita moja na nusu na vibano vinne vya stenlesi; kihisi kimoja cha mwali cha aina ya jiko lako hasa, kwani urefu na nyuzi za skrubu hutofautiana; vitundu vitatu, pini tano na ngozi mbili kwa jiko la pampu; vifungua kopo viwili vya kawaida vya mkono, si vya gia; viberiti ndani ya chupa yenye kifuniko cha skrubu, kwa sababu kiwashio cha cheche cha jiko nacho hufa mapema. Regulata ya akiba iingie humo pia, imefungwa kwenye mfuko wake wa dukani. Isiwekwe kwenye kabati la mitungi, maana huko ndiko ya kwanza itakakoozea.